Bwana Himid Ame na Vichaka Viwili vya Tumbe

Tarehe 31 Desemba, 1962, Bwana Himid Ame Hija atarudisha ufunguo wa kabati la mimea mikavu na kustaafu, baada ya miaka thelathini na moja na miezi miwili ya utumishi katika kituo chetu kidogo cha kilimo na misitu, upande wa kaskazini wa kisiwa. Kamati ya sherehe imeniomba mimi, Marhoun, karani wa kituo, nimwandikie wasifu wake, na imenisihi nichekeshe. Nitachekesha kadiri nitakavyoweza. Lakini wenzangu mnanijua: mimi ni mwoga. Nimekaa meza kwa meza na mtu huyu miaka saba, na katika hiyo miaka saba iko siku moja ambayo mpaka leo naogopa kuikumbuka. Siwezi kuandika wasifu wa Bwana Himid nikairuka siku hiyo.

Alianza Novemba 1931 akiwa kibarua wa kumwagilia miche ya mikarafuu. Msimamizi wake alimfumania anamwagilia na magugu, akamfokea vibaya. Himid akajibu kwa adabu kwamba na magugu nayo yana kiu. Siku ya pili msimamizi akayakuta magugu yale yamehamishwa pembeni na kupangwa safu safu, ndugu kwa ndugu, na Himid akamweleza bila ya kuulizwa: hawa baba mmoja mama mmoja, hawa mabinamu, na huyu hapa mgeni tu, hana jamaa. Badala ya kufukuzwa akaongezewa kazi. Kufika mwaka 1938 ndiye aliyekuwa mkusanyaji wa mimea ya mwitu kwa upande wetu wote huu, na lile kabati likawa lake.

Ndani ya kabati mna karatasi elfu moja na mia nne na kitu. Kila moja ina tawi lake, limekaushwa kwa kubanwa ndani ya gazeti kuukuu, likashonwa kwa uzi na kuandikwa jina, mahali na siku. Kwa ajili ya matawi hayo amewahi kusimamisha msafara wa bwana harusi njiani Shumba, wapiga matari wamenyamaza, bwana harusi kavimba, yeye yumo kichakani anachungulia ua. Amewahi pia kumsahihisha mtaalamu mmoja mgeni aliyeiandika mitunguja miwili kuwa ni mmoja. Hakubishana naye. Alimwomba tu apitishe majani shavuni, kwanza hili, kisha hili. Moja laini, moja linakwaruza kama ulimi wa paka. Mtaalamu akacheka mwenyewe na kukata jina.

Na sisi tuliokuwa chini yake alitufundisha vivyo hivyo. Ukimpelekea matawi mawili ukamwambia, "Bwana Himid, hivi vinafanana," alikuwa akikutazama kwa huruma. "Vitakosaje kufanana na ni ndugu? Nambie vinaachana wapi." Maneno hayo tumeyasikia mpaka tukawa tunamwigiza nyuma ya mgongo wake. Ndiyo maana sikuamini kwamba siku moja yeye mwenyewe angeyasahau.

Mwisho wa mwaka 1958 ilitolewa amri kwamba mikoko ya hori la Tumbe isikatwe tena, hata ufito. Wanawake wanaobanika samaki pale wakalia, kwa sababu vijiti vyao vyote vilikuwa vya mkoko. Samaki huchomekwa kijiti kutoka mdomoni mpaka mkiani, akasimamishwa mbele ya makaa, na kijiti kikiwa laini huungua, samaki akaangukia jivuni. Bwana Himid akatumwa kuwatafutia kijiti kingine. Alizunguka siku nne, akarudi na furaha ya mtu aliyeokota pete. Kwenye kile kilima kati ya Tumbe na Shumba kipo kichaka cha miiba, mti wake mgumu, vitawi vyake vimenyooka, na matunda yake meusi watoto wetu wanayala tangu enzi za mababu. Nani atakiogopa kitu hicho?

Akawakusanya akina mama, akawafundisha alama zake. Majani mawili mawili, yameelekeana hili na hili. Maua meupe yenye wekundu kidogo kwa nje, yananukia kama asumini. Ukivunja tawi, linatoka utomvu mweupe kama maziwa. Nilikuwepo, niliandika yote kwenye daftari. Miiba hakuitaja. Kwa nini aitaje? Kichaka kilikuwa kimejaa miiba, mwenye macho anaiona, na aliyekigusa alikuwa tayari ananyonya kidole.

Sasa kichaka kile kina ndugu yake. Majani ni hayo hayo mawili mawili, maua ni hayo hayo meupe yenye wekundu, harufu ile ile, maziwa yale yale. Matunda yake nayo huiva meusi. Miiba tu ndiyo hana. Anaitwa msunguti, na huko Mrima wawindaji humchemsha wakapaka mishale, ikamwangusha nyati. Bwana Himid aliyajua hayo kwa sababu alipokuwa kijana alipelekwa ng'ambo kubeba mizigo ya wakusanya mimea, akaona kwa macho yake. Sisi Wapemba hatupigi mishale. Msunguti kwetu ni mchache, haukuwa na kisa na mtu, na mwenye kuujua kati yetu alikuwa yeye peke yake.

Ilikuwa Ramadhani ya mwaka 1959, masika yameanza, njia zote tope. Tulikwenda Tumbe mimi na yeye kukagua minazi, na baada ya sala ya alasiri tukapita kwa Bi Mwanamize, mbanikaji mkubwa wa pale, mwanamke mcheshi mwenye sauti ya kusikika mpaka ufukweni. Alikuwa kesha maliza kazi ya siku, anafagia. Bwana Himid akaokota kijiti kimoja kilichobaki, kimeshamenywa gome. Akakigeuza. Akakigeuza tena, akapitisha ukucha wa kidole gumba juu yake kutoka ncha hii mpaka ncha hii. Baadaye alinieleza kwamba alikuwa anatafuta makovu. Mwiba ukikatwa huacha kovu kwenye kijiti, na pale hapakuwa na kovu hata moja.

Akauliza, kwa sauti ya chini sana, miiba yake iko wapi. Bi Mwanamize akacheka. "Hiki hakina miiba, Bwana Himid! Mungu katuonea huruma siye na vidole vyetu. Nimekiona jana nyuma ya kilima, kile kile chako, ua lile lile, maziwa yale yale, ila hakichomi." Leo ndiyo mara ya kwanza kukitumia, akasema, na samaki wametoka wazuri ajabu, wamesimama wima. Tukauliza wako wapi. Wamekwenda Wingwi, arubaini na wawili, kwenye baiskeli ya Kificho mchuuzi, kwa futari.

Sijapata kumwona mtu akigeuka rangi namna ile. Aliketi chini pale pale kwenye majivu. Bi Mwanamize akadhani ni swaumu imemzidi, akawa anatafuta ukuti ampepee. Na mimi hapo sikuwa nimefahamu bado, nikawa namwambia, "Inuka bwana, utachafua nguo." Aliponieleza, kwa maneno matano sita tu, nikalitazama jua. Nyumba yangu iko Wingwi. Asubuhi ile mimi mwenyewe, kwa kinywa changu, nilimwagiza Kificho apeleke nyumbani tasi mmoja mnene.

Mniwie radhi, hapa nitaeleza kila kitu. Watu wazima wa Wingwi walikuwa wamefunga. Hakuna ambaye angelamba hata kidole kabla ya adhana ya magharibi, na magharibi ilikuwa bado saa moja na nusu. Swaumu ndiyo iliyokuwa imewazuia watu wale, wala hawajui imewazuia nini. Lakini watoto hawafungi. Na mimi nina binti, Moza, wakati ule ana miaka minne, na mkia wa samaki wa kubanika kwake ulikuwa bora kuliko halua.

Tukapanda baiskeli. Siikumbuki njia ile yote. Nakumbuka tope limeganda kwenye magurudumu mpaka hayazunguki, tunashuka, tunakwangua kwa vijiti, tunapanda. Nakumbuka Bwana Himid, mtu ambaye kwa miaka yote hajawahi kupita kichaka bila ya kukitazama, anapita vichaka vyote kama kipofu. Alikuwa akisema peke yake, "Sikusema miiba. Sikusema miiba." Nilitamani anyamaze. Kila nikitazama jua, limeshuka tena.

Tulifika Wingwi jua limekaa juu ya minazi. Kificho alikuwa barazani anaosha pakacha lake. Samaki wote kesha gawa, nyumba hii na hii, mpaka zile za shamba. Kupita mlango kwa mlango tusingewahi. Hapo ndipo Bwana Himid alipofanya jambo ambalo Wingwi wanalisimulia hadi leo. Mwadhini wa pale, Mzee Ahmada, ndiye pia aliyekuwa mpiga ngoma ya daku, ya kuwaamsha watu usiku wale kabla ya alfajiri, na ngoma yake ilikuwa inaning'inia kwenye ukumbi wake pembeni ya msikiti. Bwana Himid akaitungua bila ya kubisha hodi, akaanza kuipiga.

Ngoma ya daku, na jua linaonekana! Jamani, watu walitoka mbio, wengine vichwa wazi. Waliodhani moto, waliodhani msiba, waliodhani kiama. Mzee Ahmada alitoka na fimbo. "Una wazimu weye Himid? Unawachezea watu swaumu yao?" Himid hakuacha kupiga mpaka uwanja ulipojaa, kisha akapaza sauti. "Samaki wa Tumbe wana sumu! Msiwaguse, wala msiwape watoto! Waleteni hapa na vijiti vyao! Fungueni swaumu kwa tende na maji!" Na Mzee Ahmada, Mungu amjaalie kheri, aliitazama ile sura mara moja tu, akaiweka fimbo chini na kuanza kuyarudia maneno yale kwa sauti yake ya adhana, ile inayofika mashambani.

Samaki wakaanza kuletwa. Waliwekwa juu ya jamvi, na Kificho na mimi tukawa tunahesabu. Thelathini. Thelathini na sita. Wengine wakaja wakikimbia kutoka shamba. Arubaini. Arubaini na mmoja. Kisha hakuja mtu. Bwana Himid akamuuliza Kificho nyumba gani haijaleta. Kificho akazitaja moja moja kwa vidole, akafika moja, akanitazama mimi.

Nikakimbia. Ghania, mke wangu, alikuwa amemwekea Moza sahani na anataka kumnyofolea, ngoma ikalia. Ngoma saa ile akaona ni msiba tu, na mama yangu mzee anaishi nyumba ya tatu, ni mgonjwa. Akatupa kanga kichwani akaenda mbio kumtazama. Mtoto akabaki na sahani. Nilipoingia, Ghania naye ndiyo anaingia kwa mlango wa uani, kesha pata habari. Moza alikuwa amekaa mkekani, amekula upande mmoja wote wa samaki, kijiti amekishika mkononi. Alitutazama kwa furaha. Baada ya muda mfupi akaanza kutapika.

Bwana Himid alikuja akaweka sikio kifuani kwake. Aliniambia moyo unakwenda pole pole na unaruka, na kwamba dawa yake haijui, wala huko Mrima hakuonyeshwa dawa. Hakunidanganya. Tajiri mmoja jirani akatoa lori lake la karafuu, tukaenda Wete hospitali, midomo ya mtoto imepauka, vidole baridi. Adhana ilitukuta njiani. Sikukumbuka kufungua.

Siku tatu. Daktari alikuwa anamshika mkono na kutazama saa, na mimi namtazama usoni daktari. Mara ya pili ya siku ya kwanza alitikisa kichwa, na Ghania akatoka nje ili asilie mbele ya mtoto. Usiku na mchana nilikuwa nahesabu pumzi za Moza, na kila moja nilidhani haitafuatwa na nyingine. Bwana Himid alikaa nje ya lango la hospitali siku zote tatu. Hakuingia, kwa kuwa sikumwambia ingia. Siku ya nne asubuhi Moza akaomba uji, akalalamika kwamba hauna sukari. Alhamdulillahi. Mpaka ninapoandika haya ni mzima, yuko skuli, na ana ulimi mrefu kuliko baba yake.

Hapo langoni Bwana Himid aliniomba radhi. Alisema, "Marhoun, nimefundisha nusu, na hiyo nusu imemfika mwanao. Na ngoma iliyomtoa mama yake nimepiga mimi. Niwie radhi." Nilimpa mgongo.

Ijumaa iliyofuata alikwenda kusimama msikitini Wingwi baada ya sala. Mnakumbuka ilivyokuwa miaka ile ya kura na vyama, jirani hanunui kwa jirani, na neno sumu likitajwa kila mtu ana mtu wa kumdhania. Tayari Bi Mwanamize alikuwa anaitwa mchawi njiani, wengine wanasema katumwa, na makaa yake yalimwagiwa maji na watu wasiojulikana. Bwana Himid akasema mbele ya wote kwamba mwanamke yule amefuata alama alizofundishwa, zote, bila ya kukosea hata moja, na aliyekosea ni mwalimu. Wenye hasira wamfuate yeye, na nyumba yake wanaijua. Hakuna aliyemfuata. Wiki ya pili Bi Mwanamize aliwasha tena makaa.

Tangu siku ile amefundisha vijiji vyote vya kaskazini upya. Huanza na miiba. Huwafunga wanawake kitambaa machoni, akawapa tawi walipapase, kisha tawi jingine, kisha vijiti vilivyokwisha menywa, wavitafute makovu kwa ukucha. Bi Mwanamize hufuatana naye, na ndiye mkali zaidi. Anayekosea hupigwa kikofi cha mkono na kuambiwa arudie. Kila msunguti wa kilima kile umeandikwa kwenye daftari, umefungwa kitambaa chekundu. Kwa miaka mitatu na miezi minane hakuna aliyedhurika, na hii ndiyo kazi kubwa ya Bwana Himid kuliko kabati lote.

Kuanzia Januari mosi kazi hiyo ni yangu. Juma lililopita alinifunga kitambaa, akanipa vijiti kumi. Nilikosea kimoja. Nilisema ni cha miiba, na kilikuwa cha msunguti. Hakunigombeza. Alinishika kidole, akakipeleka pale nilipodhani pana kovu, akanionyesha kwamba ni fundo tu. Tukarudia mpaka jua likazama, na leo asubuhi tena, na leo nimepata vyote kumi. Bado naogopa. Nikifumba macho naona vijiji vyote vile, na watu wote wale wanaonitazama mimi.

Bwana Himid, sasa nakugeukia wewe mwenyewe. Meza zetu zinatazamana, na tangu lile lango la Wete hatujazungumza ila la kazi. Wenzetu wanadhani sijakusamehe. Sababu siyo hiyo, na sijaisema kwa mtu, hata Ghania. Jioni ile Wingwi, wewe unapiga ngoma, nyumba yangu ilikuwa hatua sitini kutoka pale nilipokuwa nimesimama. Ningeweza kwenda. Nilibaki kuhesabu samaki wa watu kwa sababu niliogopa kufungua mlango wangu. Moza alikula wakati baba yake anahesabu. Wewe ulisema kosa lako mbele ya msikiti mzima, na mimi nilikupa mgongo ili watu wazidi kukutazama wewe, wasinitazame mimi.

Radhi uliyoniomba ulikwisha kuipata siku ile ile Moza alipoomba uji. Niliificha tu. Sasa nakuomba na mimi yangu.

Kituo chote kinakushukuru, Bwana Himid, kwa macho yako, kwa ukali wako na kwa subira yako. Mwenyezi Mungu akupe afya, akupe mapumziko mema na vichaka vingi vya kuchungulia bila ya kuandikiwa ripoti. Ramadhani inaingia mwishoni mwa Januari. Futari ya kwanza ni kwangu, Wingwi. Samaki atabanika Bi Mwanamize, na vijiti nitakata mimi, na utavipitisha ukucha wewe, kimoja kimoja, mbele yangu. Tumesikia kwamba tangu mwaka ule samaki wa kubanika hujamtia mdomoni. Mimi ninakula, Ghania anakula, Wingwi nzima wanakula, na Moza amekwisha kukuwekea mkia. Umebaki wewe tu.